Kufuli la Simu na Kufuli la Laini



Amana si fedha peke yake. Majina ya watu, siri za nyumba na picha za jamaa nazo ni amana, na siku hizi karibu zote zimo ndani ya simu.

Wengi hudhani ya kuwa namba ya siri ya simu ni pazia tu juu ya kioo. Sivyo. Simu nyingi za sasa zina kipande maalumu, kilichotengwa na sehemu nyingine, ambacho kazi yake ni kutunza ufunguo. iPhone zilianza kuwa nacho mwaka 2013. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hutaka kompyuta iwe na kipande cha namna hiyo. Picha na barua huhifadhiwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hautoki humo. Mwizi akiipasua simu atakuta asichoweza kukisoma, na akibahatisha namba atacheleweshwa.

Kwa sababu hiyo nilijiona salama, mpaka simu iliponipotea siku ya mnada hapa Nyamongo. Simu ilikuwa imefungwa, lakini laini haikuwa na kufuli. Aliyeiokota aliichomoa laini, akaitia katika simu nyingine, akakuta majina ya wazazi wa wanafunzi wangu yamehifadhiwa humo humo. Jioni mzazi mmoja, mchimbaji wa dhahabu, alipata ujumbe kwa namba yangu: mwalimu amepatwa na dharura, tuma fedha kwa namba hii. Akatuma chumo la siku nzima. Fedha nilimlipa, lakini aibu hailipiki.

Basi fahamuni ya kuwa laini nayo ni sanduku lenye kufuli lake. Katika mipangilio ya simu iko namba ya siri ya laini. Ikishawashwa, atakayeikosea mara 3 atafungiwa mpaka aingize namba ya PUK. Akiikosea hiyo mara 10, laini hufa kabisa. Kwa hiyo ulizeni kwanza namba ya mwanzo kwa waliowauzia laini, wala msibahatishe.

Tena kumbukeni: tangu 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Uovu utendwao kwa laini yako utaulizwa wewe kwanza.

Enyi vijana, wafungieni wazazi wenu laini zao leo, na namba ile waichague wenyewe. Kufuli halimfai amtajiaye namba kila aulizaye.