Kikao cha familia na kilio cha Tamari

Kuna sura ya Biblia ambayo hutaisikia ikisomwa kanisani siku ya Dominika. Ni sura ya 13 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa mfalme Daudi, anajifanya mgonjwa. Anaomba dada yake wa baba mmoja, Tamari, aje kumpikia mikate. Kisha anambaka na kumfukuza. Mbinu aliipata kwa binamu yao, Yonadabu. Aliyemtuma binti aende kupika ni baba mwenyewe, bila kujua.

Wengi huniuliza: mambo haya yanatafuta nini ndani ya Neno la Mungu? Wana haki ya kuuliza. Lakini kuandikwa si kusifiwa. Tazama mwandishi anavyorudia "kaka" na "dada" tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayegonga meza. Tazama pia nani anayetoa hoja. Ni Tamari: jambo hili halifanyiki katika Israeli, aibu yangu nitaipeleka wapi, nawe utahesabiwa mpumbavu. Hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyemjibu.

Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyetenda ni ndugu. Daudi alikasirika sana, na mstari unaishia hapo. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza kwamba hakutaka kumhuzunisha mwanawe, kwa kuwa alimpenda kama kifungua mimba. Mimi naona na jingine: sura mbili nyuma, Daudi mwenyewe alimchukua mke wa Uria. Angehukumu kwa mdomo upi?

Ikapita miaka 2 ya kimya. Ndipo Absalomu akamuua Amnoni kwenye karamu ya kukata manyoya ya kondoo, na baadaye akamwasi baba yake hadi mfalme akakimbia Yerusalemu. Ile amani ya nyumbani iliyolindwa kwa kumnyamazisha binti haikuwapo.

Sasa tuje kwetu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Kujamiiana tangu 1998, na mtu mzima anayebaka hafungwi chini ya miaka 30. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Hata hivyo kesi zinafia njiani, kwa sababu mtuhumiwa ni mjomba anayelipa ada, wazee wameshakaa, ng'ombe wameshatolewa, na mtoto ambaye ndiye shahidi amepelekwa kwa bibi mkoa mwingine.

Nisijitoe. Miaka ya mwanzo ya upadre wangu niliitwa kwenye kikao cha namna hiyo. Nilifungua kwa sala, nikahubiri msamaha, tukapeana mikono. Binti mwenyewe hakuwemo sebuleni. Alikuwa jikoni akitupikia chai, na nilikunywa vikombe viwili.

Siku hizi nikiitwa "kupatanisha", huuliza kwanza binti yuko wapi, na kama ameshafikishwa hospitali na polisi. Mara nyingi simu hukatwa hapohapo. Basi huwasha pikipiki na kwenda.