Upana mmoja, matairi mawili

AWASSE ni njia panda. Barabara moja inakwenda Mocímboa da Praia, nyingine inapanda Mueda, ya tatu inashuka Macomia. Tangu majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoikomboa kutoka kwa waasi, Julai 2021, watu wamekuwa wakirudi huku kidogo kidogo, nami nimo. Anayerudi hachagui gari.

Hivi karibuni nilimkuta pale dereva wa Hiace akibadili tairi la mbele lililopasuka. Mtumba aliouziwa uliandikwa 195R15. Lile la upande wa pili, 195/70R15. Muuzaji akapima yote kwa shubiri. "Mwalimu, upana ni ule ule," akaniambia. Alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari.

Hiyo 195 ni upana kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu, tairi likiwa na upepo kwenye ringi ya kipimo chake. Si upana wa sehemu inayokanyaga barabara. Ringi ikizidi nusu inchi, upana nao huongezeka kama milimita 5. Shubiri juu ya tairi lililolala chini bila upepo itakueleza nini?

Namba 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni 70 katika kila 100 ya upana. Asilimia nilifundishwa kwa Kiswahili, ukimbizini kusini mwa Tanzania. Leo nazifundisha kwa Kireno, na hesabu ni ile ile. 195 mara 0.70 ni milimita 136.5. Zidisha kwa mbili, ongeza ringi ya inchi 15, yaani 381, unapata tairi la kimo cha 654. Lisiloandikwa asilimia huhesabiwa kwa 80 hivi, na kimo chake hufika 693. Karibu sentimita 4 zaidi, kwenye ekseli moja!

Gari la hivyo huvuta upande, hasa breki ikikanyagwa ghafla. Vizuizini nimeona wakikagua vitambulisho na magunia. Anayeinama kusoma ubavu wa tairi sijamwona bado.

Dereva alinisikiliza hadi mwisho. Akatazama jua, akatazama abiria wake. Tairi la kufanana halikuwapo pale, na kulifuata Mueda ni siku nzima. Akalifunga lile lile, akaahidi kwenda pole pole. Niliwaeleza abiria, wawili wakashuka pamoja nami. Waliobaki walikuwa na wagonjwa wa kuwahi.