Lori latembea kwenye ramani, mzigo umekwama njiani: Somo la njia ya Mute

TANGAZO la kampuni ya TotalEnergies la Novemba 2025, kwamba inaondoa zuio lililosimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi tangu Aprili 2021, limewafanya wasafirishaji wa pande zote mbili za mto Ruvuma waanze kupiga hesabu upya. Mradi huo una thamani ya dola za Marekani bilioni 20, na kila kinachohitajika pale, kuanzia saruji hadi vitunguu, lazima kibebwe na mtu.

Pamoja na hesabu hizo limekuja swali la usalama wa mzigo. Wengi wamejibu kwa kununua vifaa vya kufuatilia magari. Tajiri anakaa ofisini Mtwara au Pemba, anafungua ramani kwenye simu na kuliona lori lake likitembea taratibu kama linavyotembea barabarani. Tatizo ni kwamba katika njia kama za Mute, kile anachokiona kinaweza kuwa makisio tu.

Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, takriban kilomita 20 kutoka Afungi. Kilishambuliwa na waasi Desemba 2020, miezi michache kabla ya mji wa Palma wenyewe kuvamiwa Machi 24, 2021 na mawasiliano ya simu kukatika. Kwa msafirishaji, somo la siku zile ni moja: hatari inapokuwa kubwa, ndipo mtandao unapoweza kutoweka.

Kifaa kilichofungwa kwenye gari hupokea mawimbi ya satelaiti na kujua mahali kilipo hata porini. Lakini ili taarifa hiyo imfikie tajiri, kifaa kinahitaji mtandao wa simu. Kwa kawaida hutuma taarifa kwa vipindi, tuseme kila baada ya sekunde 30. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa huwa limesogea mita 500 katika muda huo.

Zamani alama ya gari kwenye ramani iliruka mita hizo 500 kwa mkupuo. Programu za siku hizi huisogeza polepole kutoka nukta moja hadi nyingine. Njia hiyo inapendeza macho, tena ni nafuu ikitengenezwa vizuri: ramani hupakuliwa mara moja, kisha alama pekee ndiyo husogezwa. Taarifa ya nukta moja inaweza kubanwa isizidi baiti 100, hivyo safari ya saa 10 haifiki hata kilobaiti 150. Kinachomaliza bando la tajiri ni programu mbovu inayopakua ramani nzima kila gari linaposogea.

Hata hivyo, kuna namna mbili za kuisogeza alama, na tofauti yake ni pesa. Ya kwanza ni kusubiri nukta mbili zifike, kisha kuonyesha mwendo kati yake. Picha huchelewa kidogo, lakini inaonyesha gari lilikopita. Ya pili ni kukisia: programu huchukua mwendo na uelekeo wa mwisho, ikaendelea kusogeza alama hata kama hakuna taarifa mpya.

Makisio ya sekunde 30 hayana madhara makubwa. Chukua mfano wa lori lililopoteza mtandao karibu na Mute likiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Baada ya dakika 20, programu isiyo na kikomo cha kukisia italiweka kilomita 20 mbele, yaani kama vile limekaribia lango la Afungi, ilhali dereva na utingo wake bado wako kijijini wakibadilisha tairi, au wamekumbwa na jambo baya zaidi. Tajiri anampigia mteja aandae wapakuaji, wakati alipaswa kutafuta msaada.

Katika njia ya Mombasa hadi Kampala na Kigali, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2017 kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Nguvu ya mfumo ule haiko kwenye ramani peke yake. Lakiri ikiguswa au gari likiacha njia, kengele hulia na kuna vikosi vya kwenda kuangalia. Anayenunua kifaa cha njia ya Palma hununua ramani bila vikosi hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia, msafirishaji anapaswa kumuuliza muuzaji mambo manne. Je, ramani inaonyesha saa ya taarifa ya mwisho? Alama hubadilika rangi na kusimama mtandao ukikatika? Kifaa hutunza nukta za njiani na kuzituma baadaye zikiwa na saa zake halisi? Na ni nani mwingine anayeweza kuiona ramani hiyo? Swali la mwisho ni zito, kwani ramani inayomwonyesha tajiri gari lake inaweza kumwonyesha mtekaji pia.

Alama iliyosimama na kuandika "taarifa ya mwisho saa 4:40 asubuhi" haivutii kama ile inayoteleza. Lakini ndiyo inayomwambia tajiri kwamba wakati wa kumpigia simu dereva umefika na, asipopatikana, kuwapigia wenzake wa msafarani na askari wa njiani.