Tunafundisha kwa Kiingereza, Kiingereza Chenyewe Hatufundishi

Jamani, leo naomba niwaudhi baadhi yenu. Najua ukigusa suala la Kiingereza hapa Bongo unaitwa adui wa maendeleo, au mtu aliyefeli anayetafuta kisingizio. Mimi sikufeli. Nina digrii, na ugali wangu unategemea kusoma ripoti, bajeti na taarifa za wafadhili, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo sipingi Kiingereza. Nataka tukijue. Ninachopinga ni ule uongo kwamba tunakifundisha.

Niko Isongole, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe, nimekuja kikazi. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, upande wa Chitipa. Hapa sokoni utamkuta mama anapatana bei ya maharage kwa Kilambya, anarudisha chenji kwa Kiswahili, kisha anamgombeza mwanawe kwa Kindali. Yote ndani ya dakika tano, na hakuna aliyemkalisha darasani. Kwa hiyo tusije tukaambiana kwamba watu wetu hawana kichwa cha lugha. Kichwa wanacho, tena kikubwa.

Sasa kwenye nyumba niliyofikia kuna kijana wa kidato cha pili. Daftari lake la kemia ni safi, mwandiko wa kupendeza, na fasili ya neno "solution" ameinakili kutoka ubaoni bila kukosea herufi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, hiyo solution ni kitu gani?" Akajibu bila kusita, "Ni suluhisho, kaka." Suluhisho la nini? Akanyamaza.

Hakuna aliyemwambia kwamba neno hilo lina sura mbili, na kwamba kwenye kemia ni mmumunyo, kama chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji. Kitu chenyewe anakijua, kila siku wanakikoroga jikoni kwao. Kilichomshinda siyo kemia. Ila mtihani ukija ataandikiwa kwamba kafeli kemia, na mjomba wake atasema kijana hana akili ya sayansi.

Hebu tulitazame tatizo lenyewe. Maneno ya Kiingereza anayokutana nayo mwanafunzi yako ya aina tatu. Kuna yale ya mwanzo: kula, njoo, kitabu, mama. Hayo aliyapata shule ya msingi. Kuna yale ya fani, kwa mfano "photosynthesis". Hayo yanachapwa kwa wino mzito kitabuni na kupewa maelezo. Katikati ya hayo mawili kuna msitu mkubwa: "although", "therefore", "yield", "tend", "whereas". Haya hayamo kwenye orodha ya mwalimu yeyote. Mwalimu wa fizikia anadhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza amebanwa na nyakati za vitenzi, na ana darasa limejaa mpaka dirishani. Mtoto anaachwa msituni peke yake.

Matokeo yake unayaona kwenye mtihani wa historia. Swali linaanza na "Account for", yaani toa sababu. Mtoto anaijua "account" ya benki, na kama si ya benki basi ya simu. Anaanza kusimulia tukio tangu mwanzo hadi mwisho, kurasa mbili na nusu, bila kutoa sababu hata moja. Historia anayo kichwani. Hakulielewa swali. Niambieni, hapo tumempima historia au tumempima nini?

Wataalamu walishayahesabu maneno hayo. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote. Ndiyo, 570 tu! Paul Nation, wa New Zealand pia, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kusaidiwa kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Kwa hiyo mzigo unajulikana ukubwa wake. Zile 570 ukizigawa kwa miaka minne ya sekondari ni kama 143 kwa mwaka, hazifiki hata nne kwa wiki. Lakini mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne kama amewahi kupewa orodha hiyo. Atakushangaa.

Sasa nije kwa Warusi. Usicheke, nina sababu. Mrusi na Mswahili wakijifunza Kiingereza wanaumwa sehemu zilezile. Kirusi hakina "a" wala "the", na sisi hatuna. Mrusi ana kitenzi kimoja, "delat", kwa yale ambayo Mwingereza anayagawa kwa "make" na "do". Sisi tuna "fanya", basi. Yeye naye anachapia kama sisi. Lakini mtoto wa Kirusi anasoma kemia kwa Kirusi. Mmumunyo anauita "rastvor", na suluhisho la tatizo analiita "resheniye". Siku anapokutana na "solution" kwenye kipindi cha Kiingereza, maana zote mbili anazo tayari. Anajifunza neno moja jipya la kuzibebea. Na sisi maneno yetu mawili tunayo, suluhisho na mmumunyo. Tofauti ni kwamba hilo la pili tumelifungia kabatini.

Tena Mrusi ana bahati nyingine. Maneno mengi makubwa ya Kiingereza yana asili ya Kilatini, na Kirusi kiliyachukua mengi: "revolyutsiya", "konstitutsiya", "protsent". Sisi tunasema mapinduzi, katiba, asilimia. Hatuna pa kubahatisha. Maana yake ni kwamba sisi tulitakiwa kufundishwa msamiati kwa bidii kuliko Mrusi. Badala yake tunaachiwa tuokoteze.

Kuna mzee mmoja huku, daktari mstaafu, alisomea udaktari Moscow katika miaka ya 1970. Nilipokwisha kumpa shikamoo nikamwuliza waliwezaje kusoma udaktari kwa Kirusi, lugha ambayo hawakuwahi kuisikia. Akasema, "Mwanangu, mwaka wa kwanza mzima ilikuwa lugha. Tulianza na Kirusi cha kawaida, halafu maneno ya kemia na biolojia. Udaktari ulisubiri." Unaona? Mtu mzima, aliyechaguliwa kwa kufaulu, alipewa mwaka mzima. Mtoto wetu wa miaka 13 au 14, aliyesoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, anapewa wiki chache za kozi ya kuzoea lugha, kisha anatupiwa fizikia. Halafu shuleni anakuta kibao cha kumkataza kuongea Kiswahili. Kwenye shule niliyosoma mimi kulikuwa na kipande cha mbao cha kuvalishwa shingoni ukikutwa unaongea lugha yako. Nakuhakikishia, kile kipande hakikunifundisha neno hata moja. Kilitufundisha kunyamaza.

Na msidhani hatukujua. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikagoma. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu wakakuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea. Dawa iliyotolewa? Kiingereza kiendelee. Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote, tukashangilia. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo, lililozinduliwa mwaka 2025, likakiacha Kiingereza palepale sekondari. Miaka zaidi ya 40 tunazunguka mti uleule.

Kuna watakaosema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Ukiyaacha rafuni bila kuyatumia yataendelea kukuchekesha, na "usanisinuru" utaliona kituko. "Photosynthesis" nalo ni kituko kwa asiyelizoea.

Wengine watasema Wakenya watatuacha kwenye ajira. Hoja hiyo naiheshimu, maana nimekaa kwenye usaili nikaona mwenzangu mwenye akili nzuri anatafuta neno mpaka muda ukaisha. Lakini yule alikuwa amefundishwa kwa Kiingereza, sekondari miaka sita na chuo miaka mitatu! Kama njia hiyo ingekuwa inaleta Kiingereza, si ingemletea yeye?

Wa mwisho atamtaja Mwalimu Nyerere, kwamba alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Ni kweli, alisema mwaka 1984. Lakini Mwalimu huyohuyo alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kwake lugha hizi mbili zilikaa meza moja. Sisi tumezigombanisha, na sasa tuna vijana wasioiweza vizuri hata moja.

Ninachodai ni hiki. Kemia, historia na hisabati zifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anafikiri nayo. Kiingereza kiwe somo, tena somo zito: vipindi vya kutosha, walimu waliopikwa wakapikika, vitabu vya hadithi vya ngazi mbalimbali, na orodha ya msamiati wa kila mwaka inayojulikana kwa mwalimu, mwanafunzi na mzazi. Neno lifundishwe na maana zake zote na marafiki zake, maana Mwingereza hasemi "do a mistake", kama vile sisi hatusemi "fanya pasi" bali "piga pasi". Na kama serikali inashikilia kwamba fizikia lazima iwe kwa Kiingereza, basi impe mtoto wa Isongole ule mwaka mzima wa lugha ambao Moscow ilimpa daktari wetu.

Vinginevyo tuache kuita mitihani hii mitihani ya kemia. Anayebisha aje na hoja, ila kwanza aende kwenye shule ya kata iliyo karibu naye, amwulize mtoto wa kidato cha pili "yield" maana yake nini.