Diski Moja Si Akiba

Kila bumu likiingia, swali ni lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa yetu: "Wadau, eksteno gani nzuri?" Majibu hushuka kama ubishi wa Simba na Yanga. Mmoja ni Seagate damu damu. Mwingine anaapa kwa Western Digital. Wa tatu anawasuta wote wawili na kuitaja Toshiba ya kaka yake iliyoanguka mara nne na bado inapiga kazi. Aliyeuliza ananunua ile iliyopata kura nyingi, anahamishia humo kila alichonacho, anafuta kwenye laptopu ili ipumue, kisha analala usingizi mnono.

Hoja yangu ni kwamba mwenzetu huyo yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa kabla ya kununua. Jana mafaili yake yalikuwa kwenye kifaa kimoja ambacho mara nyingi kinakaa mezani. Leo yako kwenye kifaa kimoja vilevile, ila hiki kinabebwa begini, kinaazimwa na rumeti na kinaanguka kutoka kitandani. Amehamisha mzigo, hajaweka akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao walikuwa hawajaiona hadidiski.

Tuanze na hili la chapa, maana ndilo linalotumaliza nguvu. Kampuni zinazotengeneza hadidiski za kuzunguka zimebaki tatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina lingine lolote utakaloliona juu ya boksi, ikiwa ndani kuna hadidiski ya kweli, basi imetoka kwa mmoja wa hao watatu. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza data za wateja wake kwenye diski zaidi ya laki mbili, imekuwa ikitangaza takwimu za diski zinazoifia tangu 2013. Kwa miaka ya karibuni, hufa kati ya 1 na 2 katika kila 100 kwa mwaka. Na kumbuka hizo zinakaa kwenye jengo lenye kiyoyozi na umeme wa uhakika. Hazipandi daladala.

Wapo wanaojipa moyo kwamba diski ikianza kuumwa itaonyesha dalili, nao watawahi kuokoa vitu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa ambazo diski hujiripoti zenyewe. Asubuhi nzima, jioni marehemu.

Sababu si uchawi. Ndani ya hadidiski ya mfukoni kuna sahani ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachosoma huku kikielea kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Diski ikidondoka wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Halafu kuna hili letu: laptopu nyingi hosteli betri zimechoka, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika, laptopu inazima pale pale na diski inakatwa katikati ya kuandika. Ongezea na tabia ya kuchomoa waya bila kutoa diski kwa utaratibu.

Kwa hiyo swali la "ipi nzuri" linafaa kuulizwa la pili. La kwanza ni hili: diski hii ikifa usiku wa leo, nitabaki na nini? Kama jibu ni "sina kitu", hata ukinunua ya bei mbaya kuliko zote mjini, huna akiba.

Na tusidhani hili ni tatizo la sisi wanafunzi wa kuunga-unga. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili kama milioni 34, kwa sababu programu iliyohusika na kutunza nakala ilikuwa na kosa na ikafuta mafaili yenyewe. Aprili mwaka huohuo, moto uliotoka mlimani uliunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya makusanyo yake ya taaluma za Afrika. Kyoto inatufundisha kwamba mfumo wa nakala nao unahitaji kukaguliwa. Cape Town inatufundisha kwamba vitu vikikaa jengo moja, vinaungua pamoja.

Wapiga picha wana kanuni nyepesi ambayo Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza: tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Kwa mwanachuo inatafsirika hivi: tasnifu iko kwenye laptopu, nakala yake iko kwenye diski ya nje, na nyingine iko mtandaoni au nyumbani kwa mtu unayemwamini. Laptopu na diski zikiwa kwenye begi moja, mwizi wa begi moja anakumaliza.

Sasa ndiyo tununue. Kwanza, pima unachohitaji. Mahojiano ya saa 1 yaliyorekodiwa kwa sauti ya kawaida ya MP3 hayafiki megabaiti 60, kwa hiyo mahojiano 30 hayafiki hata gigabaiti 2. Tasnifu yenyewe pamoja na makala zote ulizopakua ni megabaiti mia kadhaa. Tuambiane ukweli, kinachojaza diski zetu ni msimu wa nane wa tamthilia ya Kikorea. Diski ya terabaiti 1 inawatosha wengi wetu na nafasi inabaki. Wa usanifu majengo na wa filamu wana hesabu yao tofauti, maana video ya simu inakula gigabaiti kadhaa kwa saa.

Pili, chagua kati ya hadidiski na SSD ukijua unacholipia. SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo inavumilia kudondoka vizuri zaidi, na ni ya haraka: nyingi za mfukoni zinafika megabaiti 500 kwa sekunde na kuendelea, wakati hadidiski ya mfukoni inacheza kwenye 100 na kidogo. Ila kwa ukubwa uleule ni ghali zaidi, na nayo si mtume. Mwaka 2023 baadhi ya SSD za SanDisk Extreme zililalamikiwa kupoteza data za watu ghafla, hadi Western Digital, wamiliki wa chapa hiyo wakati huo, wakatoa programu ya kurekebisha na kesi zikafunguliwa Marekani. Pia SSD na flashi hutunza data kwa chaji ya umeme, kwa hiyo zikifungiwa kabatini miaka bila kuchomekwa zinaweza kusahau. Ushauri wangu: kama kazi yako ni kuhariri video ukiwa safarini, jipinde ununue SSD. Kama unataka kuweka nakala ya kazi za shule na kuiacha chumbani, hadidiski inatosha kabisa.

Tatu, na hapa ndipo tunapopigwa sana: bei chee. Pale Kariakoo, na sasa hata Instagram, winga atakuonyesha kieksteno kidogo cha terabaiti 16 kwa bei iliyo chini ya terabaiti 1 ya dukani. Kimbia. Diski ya mfukoni ya sahani ilifikishwa terabaiti 6 na Western Digital mwaka 2024 tu, na SSD halisi ya ukubwa wa 16 si kitu cha kuuzwa kwa hela ya kula ya mwezi. Ndani ya boksi hizo mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, iliyochezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Unanakili, inakubali, majina ya mafaili unayaona. Ukishapita uwezo wake halisi, inaanza kuandika juu ya vya zamani. Unagundua siku ya kufungua.

Dawa ipo na ni ya bure. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, hujaza diski yote kwa data za majaribio kisha huzisoma tena kuona kama zimebaki vilevile. Inachukua saa nyingi, iache usiku, na fanya hivyo diski ikiwa tupu na muda wa kurudisha dukani haujaisha. Usishtuke terabaiti 1 ikionekana kama gigabaiti 931 kwenye Windows. Hapo hujaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Nunua penye risiti na waranti, hata kama ni elfu kadhaa zaidi. Ila elewa kwamba waranti inakurudishia diski tupu. Sura yako ya nne hairudishwi na mtu.

Nne, diski ya akiba isiende steshenari. Kompyuta za kuchapishia zinachomekwa flashi za kampasi nzima, na wote tunawajua wale virusi wanaogeuza mafaili yako kuwa njia za mkato. Wapo wabaya zaidi wanaofunga kila kilichochomekwa na kudai fidia. Cha kuchapisha kipeleke kwa flashi ndogo au kwa barua pepe. Diski ichomekwe wakati wa kunakili tu, halafu itolewe.

Najua kuna atakayesema mambo ya diski yamepitwa, siku hizi kila kitu ni mtandaoni. Amesema nusu ya ukweli. Google inampa kila mtu gigabaiti 15 bure, na kama tulivyohesabu, tasnifu na data zako zinaenea humo. Tumia. Lakini bando la kupakia gigabaiti mia ni hela ya kula, akaunti ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu, na Mei 2024 tuliona wenyewe nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na majirani. Anayetakiwa kuwasilisha Jumatatu hawezi kumwambia msimamizi asubiri meli ya mafundi.

Mwingine atasema hana hela ya diski hata moja, hizo nakala tatu ni za watoto wa wakubwa. Huyu namwelewa zaidi. Kwake nasema: acha eksteno kwa sasa. Flashi halisi ya gigabaiti 32 na akaunti ya bure mtandaoni, ukinakili kila Ijumaa, zinakulinda kuliko terabaiti 2 pekee ya rafiki yako.

Kuna jambo hatulizungumzi. Waliorudi fildi wana sauti, majina na namba za simu za watu: mama lishe aliyeeleza mikopo yake, mgonjwa aliyeeleza hali yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na data hizo zinaihusu. Diski isiyofungwa ikipotea kwenye daladala, aliyepata hasara si wewe peke yako. VeraCrypt ni programu ya bure inayofunga diski kwa nywila. Tuitumie, na nywila tusiibandike kwenye kava.

Mwisho, haya yasiachwe kwa mwanafunzi mmoja mmoja na mawinga. Idara zetu zinadai tasnifu iliyojalidiwa kwa rangi maalumu, na kosa la pambizo linaweza kukurudisha steshenari mara tatu. Hakuna anayekuuliza nakala ya data iko wapi. Kipengele kimoja kwenye fomu ya pendekezo la utafiti, "Nakala zitatunzwa wapi na nani?", hakina gharama yoyote, na kingemlazimisha kila mmoja wetu kufikiri kabla ya kwenda fildi.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi: mna uwezo wa kufanya mambo mawili kabla ya muhula ujao. Moja, kusanyeni majina ya wanaohitaji diski na mkazungumze bei ya jumla na duka linalotoa risiti na waranti. Mbili, wiki ya kwanza baada ya bumu, wekeni meza moja yenye kompyuta mbili, H2testw na mwanafunzi wa kompyuta wa kujitolea, kila mwenye diski mpya aje aiache ipimwe. Kwenye kampeni mlituahidi mengi ya gharama kubwa. Hili linahitaji meza, soketi na usiku mmoja.