Shahada ya Uchunguzi wa Jinai Isiwe Karatasi Tupu

Mji wa Nyeri, ambamo Novemba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alihukumiwa kifo kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake, leo una chuo kikuu chenye jina lake, na ndani ya chuo hicho imo taasisi inayofundisha elimu ya uhalifu, uchunguzi wa kisayansi na usalama. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kabla hatujawashangilia vijana watakaovaa majoho ya uzamili katika fani hii, hapo na katika vyuo jirani vinavyouzunguka Mlima Kenya, yatupasa tuulize elimu hiyo itamtumikia nani.

Swali hili lina asili yake. Alama za vidole ziliingia katika nyanda hizi baada ya Vita Kuu ya Kwanza pamoja na kipande, kile cheti ambacho mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ili akimtoroka bwana wake akamatwe. Basi wazee wetu waliijua sayansi hii kwanza kama pingu, wala hawakupata kuiona kama ngao ya mnyonge. Kimathi mwenyewe alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na hadi leo jamaa zake hawajaonyeshwa kaburi lake.

Kwamba sayansi hiyo hiyo yaweza kumtetea raia, watu wa Embu wanao ushuhuda. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma walikamatwa na polisi wakati wa kafyu wakafa, na polisi wakadai kuwa vijana hao waliruka kutoka katika gari lililokuwa likienda. Lakini upasuaji wa maiti ulipobainisha majeraha mazito ya kichwa, masimulizi hayo yaliingiwa na shaka, na hatimaye polisi sita wakashtakiwa kwa mauaji. Tena Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kujinyima chakula, ilitufundisha gharama ya uhaba wa wataalamu na vifaa: makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, maiti zikazidi mia nne, na jamaa wa kwanza hawakukabidhiwa wapendwa wao hadi Machi 2024, baada ya kungojea majibu ya vinasaba.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba shahada ya uzamili isitolewe kwa mtu aliyesoma vitabu na kuandika tasnifu peke yake. Mwanafunzi na ashinde maabarani na katika chumba cha maiti chini ya daktari mwenye uzoefu; ajue kulinda sampuli kutoka mahali pa tukio hadi mezani kwa hakimu, pasiwe na mkono usiojulikana ulioigusa njiani; ahojiwe na mawakili wakali, na ajifunze kutamka bila haya kwamba ushahidi wake unakomea hapa, kwani mtaalamu anayedai yakini asiyokuwa nayo ni hatari kuliko shahidi mjinga. Ama Serikali, wajibu wake ni kujenga maabara yenye hadhi katika eneo hili, ili sampuli za Meru, Nyeri na Kirinyaga zisipange foleni Nairobi, na kuitekeleza kwa ukamilifu Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo, iliyopitishwa mwaka 2017 kisha ikakaa miaka mingi bila kutumika.

Juu ya hayo yote ni uhuru. Mchunguzi ambaye mshahara wake, cheo chake na uhamisho wake umo mikononi mwa polisi atawezaje kutoa neno linalowatia polisi hatiani? Wabunge wa eneo hili, wanaopenda kujivunia vyuo vyao, na wawaundie wahitimu hawa kazi isiyomwogopa mkuu yeyote. Pasipo hivyo, tutakuwa tumewafundisha vijana wetu kutengeneza kipande kipya.