Safari ya Watoto Oman: Tumfunge Ngamia Kwanza

Mama mmoja alinijia baada ya darsa akiwa na dhiki: mumewe ameazimia kuwapeleka watoto Oman, wakapande majabali na kuogelea mabondeni, naye usingizi haumjii. Nilimwambia hofu yake si uchache wa imani. Watoto ni amana.

Kwanza, wakati. Mwezi wa Agosti joto la Maskati huweza kupita nyuzi 40. Likizo hiyo yafaa Salalah, ambako kharif, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba, huivika milima ukungu na majani mabichi. Ila bahari yake huchafuka, watoto wasiingie. Mlima Jabal Shams, wenye kimo cha takriban mita 3,000, pamoja na Wadi Shab, iwekeni Disemba.

Pili, wadi. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka ghafla hata kama mbingu iliyo juu yenu ni safi. Ulizeni utabiri kila asubuhi; mkiona mawingu milimani, rudini. Msilale ndani ya mkondo, wala msivuke kwa gari maji yaendayo kasi.

Tatu, shauri. Baba asiamue peke yake, wala asikope kwa ajili ya fahari.

Nilimwuliza yule mama iwapo hofu hiyo amemweleza mumewe. Akainamisha kichwa: la. Basi safari yao na ianzie hapo, mkekani nyumbani, kabla ya tikiti kukatwa. Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Wabillahi tawfiq.